Insafu kwa Hot Space

Kazi ya sanaa hustahili kuulizwa maswali mawili kabla ya kuhukumiwa: mtengenezaji wake alikusudia nini, na kusudi hilo amelitimiza kwa ustadi wa kiasi gani. Swali la tatu, yaani kama kazi hiyo inafanana na ile tuliyoipenda mwaka juzi, si swali la sanaa bali ni swali la mazoea. Walakini katika historia ya muziki wa roki swali hili la tatu ndilo ambalo aghalabu limewatangulia wenzake, likawafunika, na likatoa hukumu peke yake. Sijui albamu iliyodhulumiwa zaidi na desturi hiyo kuliko Hot Space, albamu ya kumi ya bendi ya Uingereza iitwayo Queen, ambayo ilitoka mwezi wa Mei 1982, ikashutumiwa na washabiki wengi wa bendi hiyo hiyo, na hata leo bado hutajwa kana kwamba ni doa katika nguo nyeupe. Rai yangu ni kwamba doa hilo halimo katika nguo, limo katika jicho la mtazamaji, na nakusudia kuieleza rai hiyo kwa hoja na ushahidi.

Yafaa tuanze na watu wenyewe. Queen ilikuwa bendi ya watu wanne. Mwimbaji na mpiga piano wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Maparsi, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa angali mdogo kusoma shule ya bweni Panchgani, Uhindini, akarejea Unguja, kisha akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mpiga gitaa, Brian May, alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota, na gitaa alilolipiga aliliunda kwa mikono yake akisaidiwa na baba yake. Roger Taylor alipiga ngoma, na John Deacon, mtu mpole aliyejiunga na wenzake mwaka 1971, alipiga gitaa la besi. Wote wanne walikuwa watunzi, na jambo hili lapaswa kukumbukwa, maana bendi yenye watunzi wanne ni bendi yenye nia nne, na mahali penye nia nne haiwezekani njia ikawa moja siku zote.

Wala njia haikupata kuwa moja. Mwaka 1975 walitoa wimbo uitwao “Bohemian Rhapsody”, wa karibu dakika sita, ambamo huzuni ya piano hufuatwa na kwaya ya opera, na kwaya ikafuatwa na gitaa la kishindo. Wimbo huo ukakaa wiki 9 kileleni mwa chati ya Uingereza. Katika albamu iliyouchukua, A Night at the Opera, mlikuwamo pia wimbo wa mtindo wa kijijini, na mwingine ambamo Brian May aliligeuza gitaa lake likatoa sauti za bendi nzima ya jazi ya kizamani. Mwaka 1978 Mercury alifungua albamu ya mwaka ule kwa wimbo uitwao “Mustapha”, wenye kumtaja Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu na wenye lahani za Mashariki, na baada ya mwaka mmoja wakatoka na wimbo wa mtindo wa Elvis Presley uliopendwa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Mtu aliyewafuata Queen kwa masikio yaliyo wazi katika miaka ile yote hakuwa na haki ya kushangaa walipobadilika tena, kwa sababu kubadilika ndiko kulikokuwa tabia yao thabiti kuliko zote.

Mlango wa Hot Space ulifunguliwa na John Deacon. Deacon aliupenda mno muziki wa watu Weusi wa Marekani, hasa muziki wa Chic, bendi ya New York iliyoongozwa na Nile Rodgers na Bernard Edwards, na kutokana na mapenzi hayo akatunga “Another One Bites the Dust”, wimbo ulioegemea mstari mmoja wa besi, mkavu na mtulivu, usiotaka wingi wa vyombo. Ulitoka mwaka 1980, ukafika kileleni mwa chati ya Marekani, na stesheni za redio za Wamarekani Weusi zikaupiga kama wimbo wa kwao. Albamu iliyouchukua, The Game, ilishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Katika albamu hiyo hiyo ndimo bendi ilimotumia kwa mara ya kwanza kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti, chombo ambacho kwa miaka mingi walijivunia kutokukitumia, hata wakaandika kwenye majalada ya sahani zao kwamba humo hakimo. Kwa hiyo ilipofika wakati wa kurekodi Hot Space, katika studio za Munich, Ujerumani, na Montreux, Uswisi, wakishirikiana na mtayarishaji wao Reinhold Mack, hawakuwa wakiruka gizani. Walikuwa wakiendelea na safari iliyokwisha kuanza.

Albamu ina nyimbo 11, na upande wa kwanza wa sahani ndio ulioleta ghadhabu. Ili msomaji aelewe sababu, inafaa afahamu tofauti iliyopo baina ya mitindo. Katika roki ya Queen ya zamani, uzuri ulitokana na kujaza: sauti za waimbaji zilirekodiwa na kupandishwa juu ya nyingine mara nyingi hata utepe ukakaribia kuchakaa, na magitaa yakapangwa safu juu ya safu mpaka pasibaki upenyo. Katika disko, dramu kubwa ipigwayo kwa mguu hugonga katika kila pigo la mapigo manne, bila kukatika, ili mchezaji apate kuitegemea. Na katika fanki, iliyo ndugu mkubwa wa disko, besi na gitaa hutoa sauti fupi fupi zilizotenganishwa na ukimya, na ukimya huo una thamani sawa na sauti zenyewe. Sanaa ya kwanza ni sanaa ya kuongeza, na ya pili ni sanaa ya kupunguza. Watu waliozoea kupimiwa wingi walipopimiwa uchache walidhani wamepunjwa, kumbe walikuwa wamepewa kitu cha namna nyingine.

Sikiliza “Staying Power”, wimbo wa Mercury unaofungua sahani. Matarumbeta na saksafoni zake zilipangwa na Arif Mardin, Mturuki aliyefanya kazi Marekani na ambaye mkono wake umo katika nyimbo za Aretha Franklin na za Bee Gees. Zinaingia kama maswali makali, na sauti ya Mercury inazijibu bila kuzipigia kelele. Sikiliza “Back Chat” ya Deacon, ambayo ni ugomvi wa maneno baina ya wawili wapendanao, uliotungiwa mdundo mwepesi usiotulia. Kuhusu wimbo huu Deacon na May walibishana vikali, Deacon akitaka gitaa la roki lisiwemo na May akitaka liwemo. Suluhu yao ikawa ni kisehemu kifupi cha gitaa, nacho kimekaa kwa uchungu na umbuji kiasi kwamba msikilizaji hushukuru kwamba watu wale hawakukubaliana upesi. Kisha uende upande wa pili ukasikilize “Cool Cat”, kazi ya Deacon na Mercury pamoja, ambamo mwimbaji aliyejulikana kwa kutikisa viwanja anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, ya taratibu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Hakuna wimbo mwingine wa Queen wenye utulivu wa namna ile, na aliyeipoteza albamu hii kwa hasira amepoteza sura moja ya Mercury isiyopatikana mahali pengine.

Mashtaka yaliyoletwa juu ya albamu ni matatu, nami nitayajibu moja baada ya moja. Shtaka la kwanza lilisema kwamba bendi imelitupa gitaa. Shtaka hili linawezekana tu kwa mtu aliyeishia upande wa kwanza. Upande wa pili hufunguliwa na “Put Out the Fire”, wimbo wa Brian May wa kulaani bunduki na mauaji, na gitaa lililomo ni zito na la hasira kama lolote alilopata kupiga. Fauka ya hayo, upande huo una “Las Palabras de Amor”, wimbo mpana wa May wenye jina la Kihispania, uliotokana na mapokezi waliyoyapata Marekani ya Kusini mwaka 1981, walipopiga katika viwanja vya Argentina na Brazili mbele ya halaiki ambazo bendi za roki zilikuwa hazijapata kuziona huko. Mwaka 1982, wimbo huo wa mapenzi wenye maneno ya lugha ya Waargentina ulitoka Uingereza katika siku zile zile ambazo majeshi ya Uingereza na ya Argentina yalikuwa yakipigana katika visiwa vya Falklands. Bendi haikuuficha. Ujasiri wa namna hiyo haukutajwa na washtaki, kwa kuwa walikuwa wameshughulika kuhesabu magitaa.

Upande huo huo una “Life Is Real”, wimbo ambao Mercury alimtungia John Lennon, aliyeuawa kwa risasi mjini New York tarehe 8 Desemba 1980. Piano inatembea kwa hatua za Lennon mwenyewe, maneno ni machache na mazito, na mwimbaji ambaye kwa tabia yake alipenda fahari na mapambo amejivua yote ili amlilie mwenzake kwa adabu. Na sahani hufungwa na “Under Pressure”, iliyotungwa na kurekodiwa Montreux mwaka 1981 pamoja na David Bowie, ikafika kileleni mwa chati ya Uingereza mwaka huo huo. Wimbo huo leo husifiwa duniani kote, na watu wanaousifu mara nyingi husahau kwamba makao yake ni katika albamu wanayoidharau. Wala hawaoni kwamba uti wake wa mgongo ni mstari wa besi wa kurudiarudia, na kwamba ukimya ulio ndani yake ndio unaoipa sauti ya Mercury nafasi ya kupaa. Yaani wimbo huo ni ithibati ya kanuni ile ile iliyojenga upande wa kwanza.

Shtaka la pili lilisema kwamba disko ni muziki duni usiofaa kuguswa na bendi ya heshima. Hapa ndipo ilipo mizizi ya dhuluma. Disko ilizaliwa katika kumbi za New York na miji mingine ya Marekani, mikononi mwa watu Weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na watu waliotengwa na jamii kwa sababu ya mapenzi yao; ilikuwa furaha ya watu ambao mchana hawakuwa na mahali. Ilipotawala redio, chuki ilipanda. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji mmoja wa redio aliwaita watu waje na sahani za disko ili zilipuliwe baina ya mechi mbili. Wakaja watu wapatao 50,000, sahani zikalipuliwa, umati ukauvamia uwanja, na mechi ya pili ikashindwa kuchezwa. Wapo walioona kwamba waliokuwa wakichomwa pale hawakuwa sahani peke yake. Albamu ya Queen ilitoka miaka mitatu tu baadaye, na Marekani hewa ilikuwa bado ina moshi ule.

Na tujiulize kwa insafu: roki yenyewe ni nini, hata ijione safi? Ni mtoto wa muziki wa dansi wa watu Weusi wa Marekani. Chuck Berry na Little Richard waliwafundisha vijana wa Uingereza kupiga na kuimba. Rolling Stones walijipa jina kutokana na wimbo wa Muddy Waters. Bendi ya roki inapoukaribia mdundo wa dansi wa watu Weusi haikimbii kwao, bali inabisha hodi katika nyumba alikozaliwa mzazi wake. Wala Queen hawakuwa wa kwanza: Rolling Stones walifanya hivyo mwaka 1978 katika “Miss You”, na Blondie katika “Heart of Glass”. Sisi wa pwani ugomvi huu si mgeni kwetu, kwani taarab ya kisasa ilipoingiza vinanda vya umeme na midundo ya kuwainua watu vitini, walikuwapo waliosema kwamba taarab imekufa, ilhali taarab ile ile waliyoililia nayo ilikwisha kupokea fidla na kanuni kutoka kwa Waarabu bila kuomba radhi.

Shtaka la tatu lilisema kwamba bendi ilifuata fedha. Falau wangalifuata fedha, njia ilikuwa wazi mbele yao: wangalirudia waliyoyafanya katika The Game, magitaa kwa kipimo kile kile na wimbo mmoja wa dansi kwa ajili ya redio, na washabiki wangaliwashukuru. Badala yake walichagua mtindo ambao kufikia mwaka 1982 ulikuwa umekwisha kutangazwa Marekani kuwa maiti, wakajaza nusu ya sahani kwa mtindo huo, wakautanguliza mbele ya nyimbo nyingine mpya wimbo “Body Language”, ambamo gitaa halimo ila kwa uchache mno. Gharama yake ilionekana. Albamu ilifika nafasi ya 4 Uingereza, lakini Marekani, ambako The Game ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1980, hii iliishia nafasi ya 22. Tarehe 15 Septemba 1982 walipiga Inglewood, California, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa Mercury kuongoza tamasha la Queen katika nchi ile. Albamu hii si sababu pekee ya kuachana kwao na Marekani, walakini mtu anayetafuta fedha haandiki barua ya namna hii kwa mteja wake mkubwa.

Utetezi wa haki hauwi haki ukikataa kukiri udhaifu wa anayetetewa. Hot Space ina upungufu. Nyimbo tano za upande wa kwanza zimekaribiana mno kwa mwendo, na mpango mwingine ungeziacha zipumue. Ngoma za mashine zimefanya baridi mahali palipostahili jasho la Roger Taylor. Na “Dancer” ya Brian May inasitasita baina ya dansi na roki bila kuamua inalala wapi. May na Taylor wenyewe, katika miaka ya baadaye, hawakuficha kwamba albamu hii haikuwaridhisha. Ushahidi wao ni wa kuheshimiwa, lakini si wa mwisho, kwa kuwa mtunzi huikumbuka kazi yake pamoja na magomvi ya studio, uchovu wa usiku wa Munich na lawama za washabiki, na sisi tusiokuwako tuna bahati ya kuisikia bila mzigo huo. Kadhalika mtu anayetaka kujua kama nyimbo zenyewe zilikuwa na nguvu na asikilize tamasha la Milton Keynes la tarehe 5 Juni 1982, ambalo lilirekodiwa na baadaye likachapishwa: humo “Staying Power” na “Action This Day” zimepigwa kwa ngoma halisi na gitaa la May likiwa mbele, nazo zasimama wima bila aibu kando ya nyimbo za zamani.

Muda nao umetoa ushahidi wake. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Michael Jackson alitoa Thriller, na ndani yake akamwita Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki, kuja kupiga juu ya mdundo wa dansi. Mwaka 1983 David Bowie akatoa Let's Dance, iliyotayarishwa na Nile Rodgers wa Chic, na dunia ikaicheza. Ndoa ya gitaa na dansi, iliyoitwa haramu ilipofungwa na Queen, iliitwa hekima ilipofungwa na wengine miezi michache baadaye. Sisemi kwamba hao wawili waliiga. Nasema kwamba Queen walikuwa wameusikia upepo uliokuwa ukivuma, na walitweka tanga kabla ya wengi.

Basi ni daraja gani inayoistahili albamu hii? Siiombei kiti cha A Night at the Opera, kwa kuwa ile ni kazi iliyokamilika na hii ni kazi inayotafuta. Naiombea cheo cha kazi jasiri yenye nyimbo sita au saba za thamani ya kudumu, na miongoni mwake “Under Pressure”, “Life Is Real”, “Back Chat” na “Cool Cat”, ambazo bendi nyingi zingejenga sifa ya maisha yao yote juu ya mbili tu kati ya hizo. Msomaji asiyeijua na aanzie upande wa pili, ambako atawakuta Queen anaowatambua. Kisha arudi upande wa kwanza akiwa na vipaza sauti vizuri, maana besi ya muziki huu haisikiki katika redio ndogo, na asimame badala ya kukaa, kwa kuwa upande huo ulitungwa kwa ajili ya miguu. Akimaliza na bado asiupende, hana deni kwangu wala kwa Queen. Lakini wanamuziki wa kila nchi wana deni kwa wale wanne, kwa sababu wakiwa na utajiri, umaarufu na kila sababu ya kubaki walipokuwa, walikubali kupoteza mapenzi ya watu wao ili wajifunze muziki wa watu wengine, na kujifunza huko, kwa mwanamuziki aliye hai, ni wajibu, si hiana.